Sifuri Saba

Tulianza na simu mbili na mashine ya faksi
juu ya duka la fundi cherehani, mjini Brno;
kila alipokanyaga pedali kule chini
kalamu zetu zilitambaa mezani kama kunguni walioshiba.

Zdislava Hrubcová alikuwa ameuza bustani ya marehemu baba yake,
miti ya plamu, kibanda, mizinga mitatu ya nyuki,
akanunua leseni.
Wa kwanza kukatiwa bima alikuwa yeye mwenyewe.
"Mpishi asiyeonja," alisema, "anampikia nani?"
Kwenye hati akaandika kwa mkono: Namba 1.

Simu ililia usiku wa Februari:
mwalimu wa jiografia amevunjika paja
akiteleza kwenye theluji upande wa Austria,
na hospitali inadai fedha kabla ya plasta.
Zdislava aling'oa kiti cha mbele cha Škoda yake,
akatandika godoro la mwanawe,
akaendesha saa sita na ushei, mimi nyuma nimeshika ramani.
Alimbana mhasibu kwa Kijerumani cha kuokoteza
hadi mhasibu mwenyewe akamletea chai.
Tukarudi na mwalimu, miguu mbele, kichwa magotini mwangu,
akitutajia jina la kila mto tuliouvuka.

Kesho yake akabandika kadi juu ya simu zote mbili,
herufi kubwa, wino wa zambarau:
SWALI LA KWANZA: UKO PEKE YAKO?
Mengine, alisema, yana subira.

Haba na haba hujaza kibaba;
chetu kilijaa mifupa, figo na pumu za wasafiri.
Mwaka wa tatu tulikuwa kumi na mmoja.
Mwaka wa tisa, orofa nzima, na daktari wa zamu asiyevua viatu.
Kisha ramani ya ukutani ikashushwa na pini zake,
kikapandishwa kioo kinachohesabu:
simu zilizopokelewa, sekunde za kusubiri,
ndege za wagonjwa zilizo angani sasa hivi. Nne.

Nilijivuna, sisemi uongo.
Mtu ameng'atwa na mbwa Lima,
sisi Brno tunajua chanjo iko mtaa gani.
Kuna mjane aliyetaka mumewe arudishwe na kofia yake;
tulimpigia dereva wa teksi wa Tbilisi mara tisa
kwa ajili ya kofia.
Hilo kioo hakikulihesabu.

Wakaja wenye hisa. Zdislava akauza fungu lake, akastaafu
kwa keki kubwa kuliko ofisi yetu ya kwanza.
Kadi ya zambarau iliwekwa kwenye fremu, karibu na lifti.
Swali lenyewe likahamia fomu,
kisanduku cha kumi na nne,
si cha lazima.

Juzi nilikaa nyuma ya Matouš, kijana wa wiki ya pili,
nimsikilize anavyojifunza.
Sauti ya mwanamke, kutoka Madeira. Ngazi zilikuwa na maji. Nyonga.
Alikuwa amesubiri dakika sita akipigiwa vinanda.

— Namba ya bima, tafadhali?
— Moja.
— Endelea.
— Ndiyo hiyo. Moja.
— Samahani mama, mfumo unadai tarakimu nane.

Kimya. Kwa mbali, jogoo wa watu.

— Basi tanguliza sifuri saba, mwanangu.
Hizo mmeziongeza nyinyi.

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye swichi.
Ningeweza kusema: Zdislava, ni mimi, Květa, mshika ramani.
Sikusema. Sijui kwa nini.
Kijana aliandika sifuri moja moja, akizihesabu kwa midomo,
akauliza tarehe, hoteli, dawa anazotumia,
akafika kumi na nne, akaparuka.
Akarudi.

— Mama, uko peke yako?

Alivuta pumzi; cheko au maumivu, sikutambua.

— Lilikuwa la kwanza hilo, alisema.
Ndiyo. Peke yangu. Haya, andika.

Juu yetu kioo kikawaka nyekundu:
simu hii imezidi muda.